Thietmar wa Merseburg: uaskofu aliupata kwa bidii au kwa ukoo?

Swali limetoka kwa mdau mmoja anayesoma historia ya kanisa, nalifupisha: "Mtaalamu, tumepewa kazi ya kuandika kuhusu askofu Thietmar wa Merseburg, Ujerumani ya zamani. Nimesoma hadi kichwa kinauma. Huyu Siegfried ni baba yake, ndugu yake au mjomba wake? Halafu huyu mtu uaskofu aliupata kwa sababu alikuwa mcha Mungu, au kwa sababu kwao walikuwa nazo? Nisaidie kabla ya kukabidhi kazi."

Haya, tuanze na Siegfried. Siegfried ni baba yake, ni ndugu yake, ni mjomba wake, na yupo wa nne ambaye hujamtaja, binamu yake. Wote wanne Siegfried. Kwa hiyo kuchanganyikiwa kwako ni haki kabisa, wale watu walikuwa wanazungusha majina manne matano tu kwenye ukoo mzima, Liuthar, Siegfried, Heinrich, basi imetoka hiyo. Nitakupambanulia mmoja mmoja kadiri tunavyokwenda.

Swali la pili, la bidii au ukoo, jibu langu ni ukoo. Ila ukiandika hivyo tu ukaweka nukta utakuwa umemwonea, maana ukoo huohuo uliompa cheo ndo uliomwachia madeni, tena madeni ya kila aina, ya fedha, ya damu, na ya marehemu wanaodai sala. Kitabu chake ukikisoma vizuri utaona anahangaika nayo mwanzo mpaka mwisho.

Mwenyewe alizaliwa tarehe 25 Julai 975, huko Saksonia, upande wa kaskazini wa Ujerumani ya leo. Baba yake ni Siegfried, Graf wa Walbeck. Graf ni bwana mkubwa wa eneo, ana ardhi, ana ngome, ana askari wake, anaamua kesi. Walbeck yenyewe iko kando ya mto Aller, si mbali na mji wa Helmstedt, na leo ni kijiji tu lakini magofu ya kanisa la ukoo bado yamesimama hapo. Mama yake ni Kunigunde, binti wa Heinrich, Graf wa Stade, na Stade iko kaskazini kabisa karibu na mto Elbe unapoelekea baharini. Ukipanga hizo koo mbili unaona kijana kazaliwa kwenye kundi dogo la familia zilizokuwa zinaendesha Saksonia nzima, na upande wa mama walikuwa wanahesabu udugu na nyumba ya kifalme yenyewe, ile ya akina Otto.

Rudi nyuma kidogo kwa mababu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 929 Wasaksoni walipigana na Waslavi pale Lenzen, vita kubwa, na Thietmar anaandika kwamba wazee wake wawili walikufa siku hiyohiyo, mmoja wa upande wa baba na mwingine wa upande wa mama, na wote wawili waliitwa Liuthar. Yaani hata kwenye kufa majina yanagongana. Anawataja kwa fahari, wapiganaji hodari, watu wa ukoo bora. Hiyo ni sura ya kwanza ya familia, ile ya kujivunia.

Sura ya pili siyo ya kujivunia. Babu yake mzaa baba, naye Liuthar (nilikuonya), aliingia kwenye njama ya kumuua mfalme Otto I. Hii ilikuwa Pasaka ya mwaka 941, pale Quedlinburg, wakati Heinrich, mdogo wake mfalme, alitaka kiti, na wenzake walipanga kummaliza Otto sikukuu yenyewe. Njama ikavuja. Baadhi ya wenzake waliuawa. Liuthar mfalme alitaka kummaliza pia, ila wakubwa wakamshauri amwache hai, akapelekwa Bavaria akawekwa chini ya ulinzi wa Graf Berthold, mali zake zote zikachukuliwa zikagawiwa watu wengine. Baada ya mwaka hivi akasamehewa, akarudishiwa vyake, tena kwa kulipa fedha nyingi na kuachia sehemu ya ardhi. Halafu, kama toba ya aliyoyafanya, akajenga pale Walbeck kanisa la Bikira Maria lenye mapadre wake, akaliachia sehemu ya kumi ya mali yake.

Sasa hilo kanisa lishike vizuri kichwani, maana tutalirudia. Limeanza kama malipo ya dhambi ya babu, na miaka sitini baadaye mjukuu analipata kwa dhambi nyingine.

Babu wa upande wa mama, Heinrich wa Stade, anakuja na kisa chepesi zaidi na mimi nakipenda sana. Kaisari Otto I yuko Italia, amemwacha Saksonia mtu wake Hermann Billung. Mwaka 972 huyu Hermann kaenda Magdeburg, na askofu mkuu Adalbert kampokea kama vile ni kaisari mwenyewe, kamshika mkono, kengele zinalia, mataa yamewashwa kanisani. Jamaa akakaa kwenye kiti cha kaisari mezani, akalala kwenye kitanda cha kaisari. Heinrich alikuwepo, akanuna, akapinga. Hermann akataka amtie mbaroni lakini Heinrich alikuwa na askari wa kutosha, ikashindikana, basi akaamriwa aende mwenyewe Italia kwa kaisari. Akaenda. Alipofika akajitupa chini mbele ya Otto akidhani kashashitakiwa, kaisari akamwinua akambusu, akamuuliza habari za nyumbani, na mzee akamwaga mchele wote, kiti, kitanda, kengele. Otto akatuma barua kwa Adalbert: niletee farasi idadi sawa na kengele ulizompigia na taa ulizomwashia. Adhabu ya farasi kwa kila kengele! Hiki kisa Thietmar hakukitoa kwenye kumbukumbu yoyote ya serikali, hiki ni cha nyumbani, kinanukia kabisa mazungumzo ya kwao, mama anawasimulia watoto babu yenu alivyokuwa.

Baba, Siegfried wa kwanza kwenye orodha yetu, anaonekana tarehe 24 Juni 972, sikukuu ya Yohane Mbatizaji. Alikuwa bado kijana, hajaoa. Markgraf Hodo, yaani bwana wa mpakani, aliamua kumvamia Mieszko mtawala wa Wapolandi ingawa Mieszko alikuwa analipa kodi kwa kaisari, na Siegfried akaenda kumsaidia. Mwanzoni walikuwa wanashinda, halafu ndugu yake Mieszko akawageuzia kibao na jeshi lao bora likafyekwa lote, wakabaki Hodo na Siegfried. Wapolandi mpaka leo wanaikumbuka hiyo vita, wanaiita ya Cedynia. Na tunaijua kwa kiasi kikubwa kwa sababu mtoto wa aliyeshindwa aliiandika. Fikiria, kama Siegfried angeuawa siku ile, askofu hayupo na habari yenyewe huenda haipo.

Watoto wa kiume wa nyumba hiyo tunaowajua kwa majina ni watano: Heinrich, Friedrich, Thietmar, Siegfried, Brun. Hesabu ya familia za kibwanyenye wakati ule ilikuwa wazi, ardhi ukiigawa sawasawa kwa wana watano, kizazi kinachofuata kina mashamba na hakina tena nguvu. Kwa hiyo Heinrich na Friedrich wakabaki duniani, upanga na ngome, na wengine watatu wakapelekwa kanisani wakiwa wadogo. Hakuna aliyewauliza kama wana wito. Usimhukumu mzazi kwa macho ya leo lakini, kanisani kulikuwa na elimu, kuna chakula cha uhakika, kuna heshima, na kikubwa zaidi kuna mtu wa kuwaombea waliokufa, na ukoo wenye marehemu wa vita kama huu ulihitaji mwombaji wa nyumbani.

Thietmar akaanza kusoma Quedlinburg kwa mama mmoja wa upande wa baba aliyeitwa Emnilde, kisha akapelekwa monasteri ya Berge nje ya Magdeburg chini ya abati Rikdag, yaani mkuu wa watawa pale, akakaa miaka mitatu. Baba akashindwa kumpatia nafasi ya kudumu pale, akamhamishia kwa mapadre wa kanisa kuu la Magdeburg, kwa Mtakatifu Mauritius, sikukuu ya Watakatifu Wote, na akawaandalia karamu kubwa. Wewe umenielewa, mtoto anaingia shule na mzazi analisha jumuiya nzima, hayo mambo hayajaanza juzi. Shule ya Magdeburg ilikuwa moja ya bora Ujerumani nzima wakati huo. Alisoma hapo pamoja na ndugu yake wa ukoo, Bruno wa Querfurt, ambaye baadaye alikwenda kuhubiri Injili kwa wapagani wa kaskazini-mashariki akauawa mwaka 1009 na wenzake 18. Kwa hiyo darasa moja, ukoo mmoja, umri ni uleule, mmoja akafa shahidi, mwingine mwaka huohuo akapewa uaskofu. Thietmar analisimulia hilo bila kulinganisha, lakini msomaji huwezi kuacha kulinganisha.

Baba akafariki mwaka 990. Na miaka minne baadaye ikatokea ile habari ambayo, kwangu mimi, ukiambiwa uchague ukurasa mmoja tu wa maisha yake, chagua huu.

Juni 994 maharamia wa Kiviking walipanda na meli kwenye mto Elbe. Wajomba watatu wa Thietmar, Heinrich, Udo na Siegfried wa Stade (huyu ndo Siegfried wa pili), wakaenda kuwazuia, tarehe 23 Juni, wana meli chache. Wakapigwa. Udo akakatwa kichwa, Heinrich na Siegfried wakatekwa pamoja na mwenzao Adalger. Maharamia wakataka fedha, na fedha zikaanza kukusanywa Saksonia yote, mama Kunigunde akitoa kila alichonacho na alichoweza kukipata. Sehemu kubwa ilipolipwa, wakakubali kuwaachia wakubwa kwa sharti la kubaki na watoto mpaka deni liishe. Heinrich akamtoa mwanawe wa pekee, kijana Siegfried (huyu ndo wa tatu, binamu). Mjomba Siegfried hakuwa na mtoto. Akatuma ujumbe kwa dada yake: nipe mmoja wa wanao.

Kunigunde akakubali. Kwanza aliwaza kumtoa mwanawe Siegfried (wa nne, tumemaliza) ambaye alikuwa mtawa kule Berge, ila abati Rikdag akakataa katakata, kijana yuko chini ya dhamana ya monasteri hatoki. Basi mjumbe akaenda Magdeburg kwa Thietmar, kijana wa miaka 18. Akaondoka siku ya Ijumaa, kajivika nguo za kiraia, za kukaa nazo kwa maharamia, na ndani yake kabaki na zile za kikasisi. Hiki ni kitu kidogo lakini mimi kila nikifika hapo nasimama: kijana hana uhakika ataonekana nani huko aendako, mtoto wa Graf au mtumishi wa kanisa, akavaa vyote viwili.

Siku hiyohiyo mjomba akatoroka. Alikuwa amejeruhiwa, yuko melini na walinzi, watu wake wakapanga mtumbwi uje, wakaleta na mvinyo mwingi, maharamia wakalewa. Asubuhi wakati padre anajiandaa kwa misa na walinzi vichwa vizito, mzee akasogea mbele ya meli eti anaenda kunawa, akaruka kwenye mtumbwi uliokuwa tayari, kelele zikaanza, nanga zikang'olewa kwa shida, lakini wao wakawahi nchi kavu ambako farasi walikuwa wamefichwa, akakimbilia Harsefeld kwa ndugu yake Heinrich. Kwa hiyo Thietmar hakuwahi kukabidhiwa.

Lakini maharamia kwa hasira wakavamia mji wa Stade wakamtafuta hawakumpata, wakawang'oa wanawake hereni masikioni, na kesho yake wakawakata mateka wote waliobaki mikono, masikio na pua, wakiwemo yule padre na binamu Siegfried, wakawatupa majini, ndugu zao wakaja kuwaopoa. Sasa wewe jiweke kwenye nafasi ya Thietmar. Angewahi siku moja tu, au mjomba angechelewa siku moja, na yeye ni mmoja wao. Anaandika hili tukio zaidi ya miaka 15 baadaye akiwa askofu, na hapambi, anataja viungo vilivyokatwa basi, anaendelea.

Mama akafariki mwaka 997, ndugu wakagawana urithi, Thietmar naye akapata fungu lake, ikiwemo Rottmersleben. Kwa hiyo ni padre mtarajiwa mwenye mali yake binafsi, jambo ambalo kwa kasisi wa kanisa kuu wakati huo halikuwa la ajabu.

Turudi sasa kwenye kanisa la Walbeck. Cheo cha mkuu wa lile kanisa kilikuwa kama mali ya ukoo, lakini nusu ya Walbeck ilikuwa ya nyumba ya baba yake na nusu ya ami yake, Liuthar tena, bwana wa mpaka wa kaskazini. Thietmar alikitaka hicho cheo, na ami akasema sawa, ila lipa. Akalipa, akakipata mwaka 1002. Kununua cheo cha kanisa ni usimoni, dhambi iliyojulikana kabisa hata wakati huo, na yeye mwenyewe kaiandika kwenye kitabu chake kwa mkono wake, anakiri, anamwomba Mungu amsamehe. Kuna wanaosema anajisafisha. Mimi sidhani, mtu wa kujisafisha angenyamaza tu maana nani angejua.

Huyohuyo ami Liuthar ndo aliyefungua mlango mkubwa zaidi. Mwaka 1002 Otto III alikufa kijana, hana mtoto, na Saksonia ikawa na mtu wake anayetaka kiti, Ekkehard wa Meissen, bwana wa mpakani mwenye nguvu kuliko wote. Kati ya Ekkehard na watu wa Walbeck kulikuwa na kisirani cha siku nyingi, maana mtoto wa Liuthar, anayeitwa Werner, alikuwa amechumbiwa Liutgard binti wa Ekkehard, baba mtu akavunja uchumba, na Werner na wenzake wakaenda kumchukua binti kwa nguvu kutoka kwa watawa wa Quedlinburg wakamleta Walbeck, ikawa kesi kubwa, akalazimishwa kumrudisha. Basi wakubwa walipokutana Frohse kujadili nani awe mfalme, Liuthar akazuia uamuzi usifanyike. Ekkehard akamuuliza una nini na mimi? Liuthar akamjibu: huoni kwamba gari lako limekosa gurudumu la nne? Halafu akaondoka kimyakimya akaenda kumuunga mkono Heinrich wa Bavaria. Ekkehard akauawa Pöhlde tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, na Heinrich akawa mfalme Heinrich II. Werner, kama unajiuliza, akamwoa Liutgard wake mwaka uliofuata.

Umeona sasa njia ilivyo? Mfalme mpya ana deni la fadhila kwa nyumba ya Walbeck. Tarehe 21 Desemba 1004 Thietmar anapewa upadre pale Allstedt na askofu mkuu Tagino wa Magdeburg, na mfalme mwenyewe yupo. Tagino ni mtu wa mfalme. Na wakati huo, tofauti na leo ambapo Mkatoliki anasubiri jina litoke Roma, uaskofu Ujerumani alikuwa anautoa mfalme, mapadre wa kanisa kuu wana sauti yao lakini fimbo ya kichungaji inatoka mkononi mwa mfalme.

Merseburg yenyewe ilikuwa jimbo lenye mkosi. Otto I aliliweka nadhiri kabla ya kupigana na Wahungaria mwaka 955, likaanzishwa 968, halafu mwaka 981 askofu wake wa pili, Gisilher, akautaka uaskofu mkuu wa Magdeburg na ili aupate Merseburg ikafutwa kabisa, mali zikagawiwa majimbo ya jirani. Gisilher huyo ndo alikuwa askofu mkuu Thietmar alipokuwa mwanafunzi pale Magdeburg! Heinrich II akalirudisha jimbo mwaka 1004 lakini vilivyogawiwa havikurudi vyote. Kwa hiyo ni jimbo dogo, maskini, na askofu wake anahitaji awe mtu mwenye chake.

Wigbert, aliyekuwepo, akafariki Machi 1009. Tagino akampendekeza Thietmar, na alipomwita swali lililokuja mapema ni hili: uko tayari kulipa kanisa lako sehemu ya urithi wako? Thietmar akajibu kwa akili, kwamba amekuja kwa kuitwa, hawezi kuahidi kitu kamili pale pale, ila Mungu akipenda na mfalme akimpa, atafanya kwa hiari anachoweza kwa ajili ya roho yake na wajibu wa cheo. Hakukataa, hakujifunga. Aprili 24, pale Neuburg kando ya mto Danube, akawekwa wakfu. Hapo jibu la swali lako limekaa wazi, mdau: ukoo ulimfanya afahamike kwa mfalme, na urithi wa ukoo ndo uliomfanya afae kwa jimbo maskini.

Ila usifikirie bwana mmoja mnene anayekula maisha. Alivyojieleza mwenyewe ni hivi: mtu mdogo wa umbo, taya la kushoto na upande huo umeharibika kwa uvimbe unaotoa usaha na kila mara unavimba tena, pua imevunjika tangu utotoni, na anasema anachekesha kumtazama. Halafu anaongeza kwamba hayo yote asingelalamika kama ndani angekuwa mzuri. Kawa askofu miaka tisa, muda mwingi kagombania mipaka na haki za jimbo, hasa na nyumba ya Meissen, watoto wa yule Ekkehard, mpaka kugombana kwa habari za msitu na nyavu za kuwindia.

Mwaka 1012 akaanza kuandika kitabu chake cha historia kwa Kilatini, vitabu nane, akaendelea mpaka anakufa tarehe 1 Desemba 1018, umri miaka 43. Alianza kama historia ya jimbo lake, ikapanuka ikawa ya wafalme wa Saksonia, lakini kila baada ya kurasa kadhaa anakatisha habari za wafalme aingize za kwao, nani kafa, tarehe ngapi, nani alimfanyia nini. Anaweka na habari za wafu kuonekana, anazokusanya kama mtu anayekusanya ushahidi, na jamaa yake mmoja, Brigida, mama mkuu wa watawa Magdeburg, ndo aliyemwambia kwamba mchana ni wa walio hai na usiku ni wa wafu. Wataalamu wengine wanazionea aibu hizo sehemu. Mimi naona ndizo zinazoeleza kazi yote. Huyu alikuwa padre wa ukoo, kazi aliyowekewa tangu mtoto ni kuwakumbuka marehemu wa kwao mbele ya Mungu, ndo maana tarehe za vifo kwake ni muhimu kuliko tarehe za vita. Kanisani Merseburg kulikuwa na kitabu cha majina ya marehemu wa kuombewa kila siku ya mwaka, na majina ya watu wake kayaingiza mle.

Kama mwalimu anataka ushahidi wa maandishi, mwambie nakala ya Thietmar mwenyewe, yenye mwandiko wake na wa waandishi aliowasomea, ilikuwa imetunzwa Dresden. Mwaka 1945 mji ulipopigwa mabomu iliingia maji ikaharibika vibaya, sehemu kubwa haisomeki tena, bahati yake ilikuwa imeshapigwa picha ikachapishwa mwaka 1905. Kwa hiyo wanachuoni leo wanatumia picha hizo.

Kwenye kazi yako chora kwanza mti wa ukoo, halafu wape akina Siegfried majina ya utani ya kukusaidia: Siegfried wa Walbeck ni baba, Siegfried wa Stade ni mjomba aliyetoroka, Siegfried mateka ni binamu aliyekatwa viungo, na Siegfried wa Berge ni ndugu yake aliyekatazwa na abati. Huyu wa mwisho usimwache njiani, alikuja kuwa abati wa palepale Berge na mwaka 1022 akawa askofu wa Münster mpaka alipofariki 1032. Na Brun naye akapata uaskofu wa Verden mwaka 1034. Wana watatu waliopelekwa kanisani na Siegfried na Kunigunde, na wote watatu wakaishia kuwa maaskofu. Hilo liweke kwenye aya yako ya kwanza, mwalimu akishaliona hatakuuliza tena kama ni bidii au ukoo.